Vitanda Vyote Vitapimwa

Kwa unyenyekevu uliotukuka, na kwa niaba ya wapenzi wote wa simulizi hii waliotafuna kucha tangu wiki iliyopita, tunalo tangazo zito. Yule mtu wa suti nyeusi aliyeshuka kutoka kwenye lori la soda, akamwendea Mama Kreti polepole huku mkono mmoja umezama ndani ya koti, sasa amefika. Amesimama mbele yake. Amefungua kinywa.

"Samahani, mama," alisema. "Choo kiko wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa, msitulaumu. Safari ilikuwa ndefu, barabara mashimo matupu, na mkono ule ndani ya koti ulikuwa umeshika tumbo. Mama Kreti alimwonyesha mlango wa bati nyuma ya depo, akabaki na dereva wa lori, ambaye alikuwa akiyakagua matairi yake kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

"Huyo nani?"

"Mkubwa wangu. Msimamizi wa mawakala."

"Na mbona hushushi mzigo?"

"Msubiri atoke."

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Ninao, mama. Nimeambiwa niufunge."

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyefungiwa nalo sabuni, mambo yako hivi. Mama Kreti ni wakala wa soda. Depo aliachiwa na marehemu mumewe, na juu ya kaunta yapo maneno mawili ambayo marehemu aliyachora kwa rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe: TUPU KWANZA. Maana yake inajulikana na kila mtoto wa mtaa ule. Unaleta chupa tupu, unapewa iliyojaa. Chupa ni ya kampuni, wewe unanunua kilichomo. Huna tupu, huna soda, hata uwe nani.

Kisha redio ikasema kuwa wakubwa wanapendekeza kodi kwenye vinywaji vyenye sukari. Mtangazaji alilitamka neno "wanapendekeza" vizuri kabisa, herufi zote. Mtaa ukasikia "kodi".

Wakaja mbio. Wenye tupu wakaja na tupu, na wasio nazo wakaja na machozi. Wa kwanza kulia alikuwa shemeji yake, fundi seremala. Mama Kreti akampa bila tupu, kwa kuwa ni shemeji. Wa pili akasema mbona huyo umempa. Wa tatu hakusema kitu, alinyoosha mikono tu. Kwa mara ya kwanza tangu rangi ile nyekundu ikauke ukutani, soda zilitoka depo bila tupu kuingia, hadi zikabaki kreti za mbao zilizojaa matundu.

Tuendelee. Mtu wa suti alirudi akiwa na nafuu usoni. Tai yake alikuwa ameitupia begani, akaishusha na kuinyoosha. Tutamwita Bwana Tai, maana jina hakulitaja.

"Mama, kiwanda kimesimama," alisema.

"Kwa sababu ya kodi?"

"Kodi haijaja. Kimesimama kwa sababu ya chupa. Sukari ipo, maji yapo, gesi ipo, mashine nzima. Chupa hakuna. Zote ziko huku kwenu."

"Huku kwetu wapi?"

"Uvunguni mwa vitanda."

Bwana Tai hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mtu mkali unaweza kumjibu. Alisema taratibu kwamba Jumamosi ya wiki ijayo atarudi na lori. Akizikuta chupa atazichukua, na kampuni iko tayari kusahau. Asipozikuta, depo itahamia ng'ambo ya barabara kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ghala lake lina feni.

"Miaka yote hii sijawahi kupoteza hata kizibo," alisema Mama Kreti.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya kupiga simu."

"Basi niongezee muda."

"Muda si wangu, mama. Mimi nimetumwa. Na aliyenituma ametumwa."

"Na wewe, kwako nyumbani ziko ngapi?"

Bwana Tai aliishika tai yake kana kwamba imembana ghafla.

"Mke wangu alinunua," alisema.

Dereva aliinama tena kwenye matairi, mabega yakimtikisika. Kisha lori likaondoka lilivyokuja, limejaa hewa.

Mama Kreti alifunga depo, akapiga moyo konde, akaenda karakana kwa shemeji yake. Hakuna mahali pengine pa kuanzia. Aliyekuwa wa kwanza kuchukua ndiye angekuwa wa kwanza kurudisha.

Karakana ilinuka gundi na vanishi. Shemeji alikuwa katikati ya vitanda vipya vitatu, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Karibu, shemeji. Usikalie hicho, kina mwenyewe."

"Mbona vitanda vyako siku hizi vimeota miguu ya twiga?"

"Ndivyo watu wanavyotaka. Kreti inaingia chini bila kukwaruza. Ukishusha shuka, hata mtu akiinama haoni kitu. Nakiita Kitanda Akiba. Cha kwanza nililala mwenyewe, kujaribu."

"Shemeji, nimefuata chupa zangu."

"Zina soda."

"Mimina kwenye ndoo."

"Soda kwenye ndoo? Gesi yote itatoka. Wewe wakala mzima ndiye unanishauri hivyo?"

"Basi kunywa."

"Nikinywa sasa, kodi ikija nitakunywa nini?"

"Ni pendekezo tu. Halijapita popote. Linaweza kukataliwa."

"Ndiyo hapo sasa. Likikataliwa nitakuwa nimekunywa kwa pupa bila sababu."

Mama Kreti alikaa juu ya gogo, kwa kuwa vitanda vilikuwa na wenyewe.

"Na daktari alikwambia nini kuhusu sukari yako?"

"Alinikataza."

"Ehe?"

"Alinikataza kwa upole. Tukaongea kiutu uzima, nikapunguza. Sasa hawa wananikataza kwa kodi, kama mtoto anayenyang'anywa kijiko. Mimi kwa ubishi wangu, shemeji, nilikuwa nimeshaacha. Redio ndiyo imenirudisha."

"Jumamosi wanachukua depo. Depo ya kaka yako."

Shemeji aliishusha penseli kutoka sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ningekuwa na tupu hata moja ningekupa sasa hivi," alisema, na macho yake yalionyesha kuwa hadanganyi. "Lakini zote zimejaa."

Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwahidi Kitanda Akiba kwa bei ya undugu.

Kutoka hapo aliingia kwa kinyozi, aliyepakana ukuta mmoja na depo. Kwa kawaida asingeingia. Mama Kreti hajamsalimia kinyozi tangu simulizi hii ianze, kwa sababu ana hakika kuwa kinyozi ndiye anayemwandika gazetini. Nani mwingine anasikia kila kinachosemwa depo? Kinyozi amekana, ameapa, amelia. Haikusaidia.

Kitini alikaa mtu mmoja, povu limemfika masikioni. Kwenye benchi alikuwa muuguzi wa zahanati, amemleta mwanawe mdogo kunyolewa.

"Wanaanza na soda," alisema mwenye povu. "Kesho chai. Keshokutwa maji ya kunawa."

"Waweke tu," alisema muuguzi.

Wembe ukasimama hewani.

"Mimi ndiye ninayefunga vidonda vya miguu ambavyo havitaki kupona," alisema. "Jana nimefunga cha mtu mnayemjua nyote, na simtaji. Anakuja kubadilishiwa bandeji na soda mkononi. Waweke kodi. Hata wakiizidisha, mimi sitaandamana."

Mwenye povu alitafuta jibu, akapata.

"Na wewe, sista, soda hunywi?"

Muuguzi alitazama nywele sakafuni.

"Nakunywa. Zamu ni ndefu, chakula hakuna, kilicho karibu ni soda. Nina kreti nyumbani."

"Kumbe."

"Kumbe nini? Nimesema waweke kodi. Sijasema mimi ni malaika."

Mama Kreti akaona ndiyo nafasi. Aliwaeleza wote: lori, Jumamosi, ng'ambo ya barabara. Aliomba kila mmoja arudishe anachoweza, hata chupa moja. Wakampa pole. Mwenye povu alimpa pole, muuguzi akampa pole na kumshika mkono, kinyozi akampa pole kupitia kioo. Pole zilijaa mle ndani kuliko nywele. Lakini kila mmoja alikuwa na swali lile lile, nani anaanza, na kila mmoja alikuwa na jibu lile lile, mwingine.

"Na wewe," Mama Kreti alimwambia kinyozi akitoka, "koma kuniandika gazetini."

"Mama yangu, mimi hata bei ya kunyoa pale mlangoni niliandikiwa."

Alhamisi jioni, baada ya siku kadhaa za kuombaomba hivyo, alikula na mwanawe, ambaye yuko likizo kutoka shule ya bweni. Ni kijana mpole, mtiifu, mwenye akili nyingi na sura ya kuvutia, ambaye hahusiki kabisa na mambo haya na hatutamtaja zaidi ya inavyobidi.

"Kwa unyenyekevu uliotukuka, mama, naomba chumvi," alisema kijana.

Siku nyingine Mama Kreti angecheka. Humwambia kuwa ada yote ile imeishia kwenye kuomba chumvi. Siku hiyo alilisukuma kopo tu.

"Hawarudishi," alisema. "Hata baba yako mdogo."

"Kwa nini?"

"Wanaogopa kodi. Hakuna kingine wanachokiogopa. Laiti kungekuwa na kitu cha kuwatisha zaidi ya hiyo kodi, wangezileta wenyewe mpaka mlangoni."

Alilisema kama mtu anavyosema neno akiwa hoi, bila kumtuma mtu yeyote kufanya lolote. Kisha akainuka, sahani nusu, akaenda kukaa gizani depo chini ya ile rangi nyekundu.

Kijana aliacha kutafuna. Tunalitaja hilo kwa kumbukumbu tu.

Asubuhi, mtaa uliamka ukakuta karatasi. Ilikuwa mlangoni kwa kinyozi, ukutani zahanati, kwenye nguzo ya umeme, kwenye lango la karakana, na kwenye mlango wa depo yenyewe. Mama Kreti aliisoma akiwa bado na ufunguo mkononi:

TANGAZO KWA UMMA. Kwa unyenyekevu uliotukuka, Kamati Kuu ya Ukaguzi wa Utamu inawaarifu wananchi wote kuwa wakaguzi watapita nyumba kwa nyumba. Chupa itakayokutwa uvunguni, iwe tupu au imejaa, itahesabiwa kuwa kiwanda bubu, na mwenye kitanda atahesabiwa kuwa mkurugenzi wake. Vitanda vyote vitapimwa urefu. Mwenye chupa azirudishe depo kabla ya Jumamosi. Amri hii haina rufaa wala utani.

Aliisoma mara ya pili kwa matumaini. Kamati hiyo hakuifahamu, lakini siku hizi nani anazifahamu kamati zote? Alifungua depo, akafuta kaunta, akapanga kreti zenye matundu mlangoni, akakaa kwenye kiti chake kuwangoja.

Alisikia *psss*.

Ilitoka upande wa kinyozi. Kisha nyingine, nyumba ya nyuma. Kisha mtaa mzima ukaanza kutoa mlio huo, dirisha kwa dirisha, kama matairi yanayopungua upepo. Walikuwa wanakunywa. Mama Kreti alitabasamu peke yake. Wakinywa, chupa zinabaki tupu, na tupu kwao ni depo.

Watoto walipita wakicheua. Yule wa povu alipita amefura, kwikwi zimemshika, akamsalimia kwa mkono kwa kuwa mdomo ulikuwa hauaminiki. Saa zikapita. Kila mtu alikuwa anakunywa, na hakuna aliyeleta hata chupa moja.

Mchana alipita jirani mmoja, beseni kichwani, limefunikwa kitambaa. Alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga mayai, na kwa kila hatua beseni lililia *kling*.

"Jirani, umebeba nini?"

"Mchanga."

"Mchanga unalia hivyo?"

"Ndiyo mchanga wa siku hizi," alijibu jirani, akaongeza mwendo.

Mama Kreti aliacha depo wazi, kosa ambalo hajawahi kulifanya, akamfuata. Beseni lilipita nyuma ya karakana, likapita uwanja, likaelekea kwenye lile shimo la zamani la kokoto. Kabla hajafika alisikia. Wasomaji, kuna sauti ambazo mwenye depo hahitaji kuelezwa. Ilikuwa sauti ya kioo kinachoanguka juu ya kioo kingine.

Walikuwa wamepanga foleni, kwa adabu kabisa, kila mmoja na furushi lake. Aliyefika ukingoni alimwaga, akapangusa mikono, akampisha mwingine.

"Jamani," alisema Mama Kreti. "Zileteni kwangu. Tangazo lenyewe limesema depo."

"Tukileta kwako utaziandika," alisema jirani wa beseni, bila kumtazama.

"Lazima niziandike. Ni za kampuni."

"Ehe. Ukiandika, wakaguzi wanasoma nani alikuwa na ngapi. Kurudisha ni kukiri."

"Basi sitaandika."

"Wakija kukubana utaandika. Si kwa ubaya, mama. Hata mimi wakinibana nitakutaja."

Akamwaga.

Mama Kreti alisimama mbele ya mmoja, mtu huyo akamzunguka. Akamshika mwingine mkono, naye akajitoa taratibu na kumwomba radhi. Hakuna aliyemsukuma wala kumtukana. Walimpita tu, kama maji yanavyolipita jiwe. Mwishowe alivua viatu, akavivaa tena alipoona vipande, akashuka shimoni kutafuta zilizo nzima. Alizikusanya kwenye upindo wa gauni. Juu yake foleni ilimngoja atoke ili iendelee.

"Angalia usijikate, mama," sauti moja ilimwambia, naye alikuwa ameshajikata.

Alichopanda nacho hakikujaza kreti.

Alikuwa bado ukingoni, damu ikimchuruzika kiganjani, alipomwona kinyozi anakuja mbio, kitambaa cha kunyolea kimemganda shingoni.

"Mama, shemeji yako. Wamempeleka zahanati."

"Amefanya nini?"

"Amekunywa. Zote."

Zahanati ilikuwa imejaa watu walioshika matumbo, wote wakijidai wamekula kitu kibaya. Shemeji alikuwa chumba cha ndani, amelazwa, mpira wa maji mkononi, midomo imemkauka kama mbao zake. Macho yalikuwa wazi nusu na hayakumtambua mtu. Vumbi lilikuwa bado kwenye nyusi.

"Hakutaka kumwaga hata tone," alisema muuguzi. "Alisema kumwaga ni dhambi na kurudisha ni kukiri. Alifunga mlango wa karakana akamaliza kilichokuwa chini ya kitanda chake, kisha akaanza vya wateja. Nimepima sukari yake. Kipimo kimeshindwa kuandika namba."

"Atapona?"

Muuguzi alikunja mdomo.

"Ninachoweza kufanya hapa nimekifanya. Nimeomba gari limpeleke hospitali kubwa. Wamesema liko njiani. Na mimi nasema vile vile kwa ndugu za wagonjwa, liko njiani."

Alimfunga Mama Kreti kiganja kwa bandeji, akaikaza kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na hasira na hakujua pa kuipeleka. Kisha akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa.

"Nimebandua hii ukutani kwangu. Nimepiga simu kila mahali kuulizia hiyo kamati. Haipo. Nataka nimjue aliyeandika upuuzi huu."

Mama Kreti aligeuka polepole akamtazama kinyozi.

Kinyozi aliinua mikono yote miwili.

"Mama, safari hii nakuomba unitazame vizuri. Mimi na unyenyekevu uliotukuka tumekutana wapi?"

"Umesema nini?"

"Nimesema sisi watu wa—"

"Hapana. Hayo maneno. Yarudie."

"Unyenyekevu uliotukuka. Si ndivyo ilivyoandikwa?"

Mama Kreti aliichukua ile karatasi, akaikunja ndogo, akaitia kwenye bandeji. Akamwomba kinyozi radhi, jambo lililomfanya kinyozi aketi. Kisha akarudi nyumbani.

Alimkuta mwanawe. Alimketisha na kumsimulia yote, neno kwa neno, bila kupandisha sauti: karakana, kwa kinyozi, beseni, foleni, shimo, kipimo kisichoandika namba. Alimsimulia huku anamtazama usoni. Alipomaliza alisema amechoka, anakwenda kujinyoosha kidogo, akaingia chumbani kwake na kurudisha mlango.

Na hapo, wasomaji wapendwa, ndipo tunapoikata habari ya leo. Mama Kreti amelala, au hajalala? Ni nani hasa aliyebandika tangazo lile? Mwandishi wenu, ambaye hana habari zaidi ya mnazozisoma, anawaacha na swali hilo zito na

Samahani. Kuna mtu nyuma ya kiti.

"Endelea," anasema. "Umefika kwenye 'na'."

"Mama. Nilidhani umelala."

"Nilikusimulia ili nione ukitoka pale utakwenda wapi. Kwa baba yako mdogo, au shimoni kuokota, au wapi. Umekuja mezani." Mkono wenye bandeji unapita juu ya bega langu na kidole kinatua kwenye karatasi. "Nisomee hapa."

"Ni kijana mpole, mtiifu, mwenye akili nyingi na sura ya kuvutia."

"Nani huyo?"

"Nimetia chumvi, mama."

"Futa mtiifu."

Nimejaribu. Nimeandika kwa wino.

"Sasa andika," anasema. "Mimi nilimnyima kinyozi salamu kwa ajili yako. Andika ni nani, na usiiandike kwa mbwembwe."

Basi ni mimi. Simulizi hii naandika mimi, na tangazo niliandika mimi. Kamati Kuu ya Ukaguzi wa Utamu ni mimi mwenyekiti, mimi katibu, mimi mbandikaji, gundi nikiiba karakana kwa Baba Mdogo. Shuleni tangazo kama lile niliwahi kulibandika kuhusu viatu, na bweni zima likacheka wiki nzima. Nilitaka watu waogope waje depo. Wakaogopa wakaenda shimoni. Niliwaona asubuhi wakinywa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Baba Mdogo nilimwona akifunga mlango wa karakana. Alinipungia mkono, nami nikampungia.

Hilo la mwisho sikuwa nimemwambia mama. Amelisoma sasa hivi begani kwangu.

Amekwenda kwenye kabati, ametoa shuka safi na shati la Baba Mdogo lililokuwa linangoja kifungo, ameviweka kwenye mfuko. Gari la hospitali bado liko njiani. Anarudi kukaa naye.

"Nije?" nimemuuliza.

"Ukaandike?"

Ameweka ufunguo wa depo mezani, kando ya kalamu.

"Kesho lori likija utalipokea wewe," amesema. "Utafungua, utawaonyesha kilichopo, utawaambia kilichobaki kiko wapi na kwa nini. Kwa maneno ya kawaida."

Ametoka. Nimesikia viatu vyake mpaka kona, kisha sijavisikia.

Leo ni Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa nikijipa moyo kuwa nina usiku mzima wa kuyatafuta hayo maneno ya kawaida. Nimeandika mpaka hapa nikasikia honi. Nimechungulia dirishani. Lori limesimama mbele ya depo, limekuja kabla ya siku yake, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi amevuka barabara kulilaki. Bwana Tai ameshuka. Mkono mmoja uko ndani ya koti. Anakuja upande wa nyumba polepole, na safari hii amepita mbele ya ule mlango wa bati bila hata kuutazama.